TV ya chogo, waya na bodi: namna ya kushika taka za umeme bila kuiamsha sumu

Nyuma ya kibanda nilikojifunzia ufundi redio kulikuwa na doa jeusi ardhini, upana wake kama mkeka wa watu wawili. Kila Jumamosi jioni sisi wanafunzi wa fundi tulikusanya waya za wiki nzima, tukazimwagia mafuta ya taa kidogo, tukawasha. Plastiki ikishateketea tunazima kwa maji, tunapiga majivu kwa fimbo, shaba inabaki. Jirani alikuwa na kuku. Moto ukipoa tu, kuku walikuja kuparua majivu yale, na mayai yao tulikuwa tukiyanunua sisi wenyewe, tunakula na chapati asubuhi.

Mwaka 2019 mashirika mawili, IPEN na Basel Action Network, yalitoa ripoti kuhusu mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia karibu na Agbogbloshie, jijini Accra, Ghana, mahali palipojulikana dunia nzima kwa uchomaji wa waya. Dioksini (sumu zinazozaliwa plastiki kama za waya zikiungua) zilizokutwa zilikuwa nyingi kiasi kwamba mtu mzima akila yai moja tu, amevuka mara 220 kiwango cha siku kilichowekwa na mamlaka ya chakula ya Ulaya. Niliposoma habari ile nililikumbuka doa letu.

Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya fundi, mwenye nyumba aliyejaza stoo, na mnunuzi wa chuma chakavu mwenye mzani wake. Yote yanasimama juu ya jambo moja: kifaa kikiwa kizima, sumu yake karibu yote imelala. Kioo cha TV kisichovunjwa hakimdhuru mtu. Bodi iliyokaa kwenye boksi haimfuati mtoto kitandani. Wanaoiamsha sumu ni wanne: moto, nyundo, tindikali na vumbi.

Jua kwanza nini kimekaa wapi

Risasi (madini, si ya bunduki) iko sehemu tatu kuu: kwenye kioo cha TV ya chogo, hasa ule mgongo wake unaoelekea shingoni, kwenye risasi ya kuchomelea ya bodi za zamani, na kwenye betri za gari, pikipiki na sola. Zebaki imo kwenye tyubulaiti, enejiseva, na zile taa nyembamba kama mrija zinazomulika nyuma ya kioo cha flati za mwanzo, kabla ya LED. Kadimi utaikuta kwenye betri za kuchaji za tochi na simu za mezani za zamani, na kwenye unga uliopakwa ndani ya baadhi ya skrini za chogo.

Hayo wengi wameshayasikia. Kisichojulikana sana ni vizuia-moto, na hapo nitakaa kidogo.

Plastiki imetokana na mafuta, na TV inatoa joto. Kiwanda kinaogopa kasha lisishike moto sebuleni kwa mtu, kwa hiyo kinachanganya plastiki na kemikali za kuchelewesha moto. Kwa miaka mingi kemikali hizo zilikuwa za bromini. Kasha la nyuma la TV ya chogo linaweza kuwa na bromini ya aina hii zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, maana yake kasha la kilo tatu limebeba gramu 300 na zaidi. Familia inayoitwa PBDE haikushikamana na plastiki yenyewe. Imechanganywa tu, kama mchanga ndani ya mchele, kwa hiyo inatoka kidogo kidogo kila siku na kukaa kwenye vumbi. Ikiingia mwilini inakimbilia mafuta, ndiyo maana hupatikana kwenye maziwa ya mama, mayai na samaki. Inavuruga homoni za tezi ya shingo, na kwa mtoto aliye tumboni inagusa ubongo unaojengwa.

Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zisizooza, ulizipiga marufuku PBDE za aina ya penta na okta mwaka 2009, kisha deka mwaka 2017. Lakini TV iliyotengenezwa 1998 haijausoma mkataba huo. Ipo stoo kwako.

Bodi ya kijani ina kizuia-moto kingine cha bromini, ambacho kimeungana kabisa na resini ya bodi. Kimetulia, mpaka umpe moto. Hapo bromini ya plastiki na klorini ya pivisi (ile plastiki ya ganda la waya) hukutana na kaboni ya moshi, zikatengeneza dioksini, hasa moshi unapopoa na kupita kati ya nyuzi joto 450 na 200. Na kinachoharakisha kazi hiyo ni shaba. Ile ile shaba unayoitafuta ndiyo inayoipika sumu.

Tenga kona kabla hujagusa bisibisi

Tafuta sehemu yenye paa na sakafu ya saruji, mbali na jiko, kisima na banda la kuku. Sakafu ya udongo haisafishiki, kila kinachodondoka kinabaki hapo. Kama huna saruji, tandika turubai zito na usilikung'ute.

Weka vyombo vyenye majina yaliyoandikwa kwa maka: bodi, waya, makasha ya plastiki, betri za lithiamu, taa. Betri za gari na sola zikae peke yake. Usikubali mchanganyiko wa "tutachambua baadaye", kwa sababu betri moja ya simu ikibanwa chini ya transfoma inaweza kuchoma banda zima, na ukishakuwa na moto ndani ya makasha ya TV umerudi kwenye lile doa jeusi.

Mwenye nyumba, kazi yako inaishia hapa na kwenye sehemu ya taa na betri. Usifungue kitu. Futa simu na kompyuta taarifa zako, funga vifaa kwenye boksi vikiwa vizima, subiri mtu wa kuvichukua. Kifaa kizima kina thamani kuliko kilichochokonolewa.

TV ya chogo

Huyu ndiye mzito kuliko wote, na ndiye anayevunjwa kiholela kuliko wote. Vijana wa mikokoteni wanaipiga jiwe shingoni ili wachomoe koili ya shaba, kioo kinabaki mtaroni. Koili ile haihitaji jiwe.

Asiye fundi asifungue: ndani yake kunabaki umeme wa zaidi ya volti 20,000 hata ikiwa imechomolewa. Fundi anajua, ila nikumbushe. Funga waya kwenye bisibisi ndefu yenye mpini mzuri wa plastiki, ncha ya pili ya waya iunge na ule msuko unaozunguka kioo. Mkono wako wa pili uweke nyuma ya mgongo wako mwenyewe. Ingiza bisibisi chini ya kofia ya mpira, isikie ikilia. Subiri dakika chache, rudia, kwa sababu chaji hujirudisha.

Ukishamaliza, chomoa kile kibodi kidogo cha shingoni taratibu, bila kukiyumbisha, maana shingo ni nyembamba kama chupa ya dawa. Legeza skrubu ya kola inayobana koili, ondoa gundi na vile vipande vya mpira, kisha vuta koili kuelekea kwako. Inatoka nzima na kioo kinabaki kizima. Dakika kumi, na koili isiyochanganyika na vioo mnunuzi haikati uzito.

Kioo kilaze uso chini juu ya magunia, usikipange juu ya kingine zaidi ya safu mbili. Kikivunjika, kwanza kinyunyizie maji ili vumbi lisiruke, vaa glavu ngumu, okota vipande vikubwa, vidogo vifagie vikiwa vimelowa, vyote kwenye gunia mbili mbili. Ule unga wa ndani ya skrini usiufute kwa mkono wala kuupuliza. Na usikubali vioo hivyo vitumike kama kifusi cha msingi au kujazia shimo la barabarani. Nimeona vikitumika hivyo, mvua ikanyesha, watoto wakacheza.

Waya: hesabu ya pesa kwanza

Ukimwambia kijana asichome waya kwa sababu ya dioksini, atakucheka. Mwambie hivi: shaba iliyochomwa ni nyeusi, ina magamba, na mnunuzi anaiweka daraja la chini. Shaba iliyomenywa inang'aa, na bei yake iko juu.

Waya nene menya kwa kisu. Chukua ubao, pigilia misumari miwili kuacha upenyo wa kupita waya, funga wembe wa kisu cha ofisini kwa pembeni ukiwa umeinama kidogo, halafu vuta waya. Ganda linapasuka kwa urefu wote kama ganda la muhogo. Ukiwa na kazi nyingi zipo mashine ndogo za kuzungusha kwa mkono.

Waya nyembamba, za chaja, hedifoni na zile bapa za ndani ya kompyuta, usihangaike nazo. Ziuze na maganda yake. Ndiyo, bei ni ndogo, lakini hata ukizichoma utapata nyuzi zilizoungua kama manyoya. Maganda ya waya za zamani yana risasi pia, iliyotiwa ili pivisi isiharibike kwa joto, kwa hiyo usiishike waya kwa meno unapomenya. Tabia hiyo ya meno tunayo mafundi wengi, na mimi nilikuwa nayo.

Plastiki: maji, chumvi na yai

Makasha ya plastiki yana wanunuzi wanaosaga na kuyeyusha, kisha yanarudi sokoni kama vitu vipya. Kosa linatokea hapa: kasha la TV lenye bromini likichanganywa na mengine, linatoka upande wa pili likiwa gari la kuchezea mtoto au mwiko mweusi. Kutenganisha ni kazi ya yule wa kwanza, yaani wewe.

Anza na macho. Ndani ya kasha huwa na maandishi madogo yaliyotokezwa, kama ABS au PS au PP, ambayo ni majina ya aina za plastiki. Ukiona FR imefuata, hicho ni kizuia-moto. FR(14) mpaka FR(22) ni bromini. FR(40) ni ya fosforasi, hiyo haina bromini. Lakini makasha mengi ya zamani hayana alama, au alama ilikatika.

Hapo ndipo unatumia ndoo. Plastiki iliyotiwa bromini ni nzito kuliko mwenzake isiyotiwa, kwa hiyo maji yenye chumvi ya kutosha yatazitenganisha. Mafundi wengine hujaribu kwa kuchoma kipande kwa waya wa shaba na kutazama kama mwali unageuka kijani. Kipimo hicho hakitofautishi bromini na klorini, na unavuta moshi ule ule unaoukimbia. Achana nacho.

Ndoo ya kwanza tia maji matupu. Ndoo ya pili tia maji lita 10 na chumvi ya kawaida kilo 1 na gramu 600, koroga mpaka yote iyeyuke na maji yaache kuwa na ukungu. Kupima kama umepatia, chukua yai bichi la leo au jana. Kwenye maji matupu linazama na kulala chini. Kwenye ndoo ya chumvi linaelea, na kichwa chake kidogo kinachungulia juu. Likisita katikati au likizama, ongeza chumvi kidogo kidogo. Yai liwe jipya kweli: viza litaelea popote na kukudanganya. Na yai litangulie, plastiki baadaye. Ndoo ikishapokea makasha haiguswi tena na kitu cha kuliwa.

Sasa katakata sampuli, kipande kimoja kutoka kila kasha, ukubwa wa kiberiti. Vunja kwa koleo. Usitumie msumeno wala grainda, vumbi lake ndilo tunalolikwepa. Ng'oa skrubu, stika na sponji. Osha. Ndani ya kila ndoo dondosha tone moja la sabuni ya maji, kwa sababu vipovu vidogo vikishika kipande huelea bila haki. Zamisha kipande kwa kijiti mpaka chini, kiachie, hesabu mpaka sitini.

Kinachoelea kwenye maji matupu ni jamii ya ndoo na mabeseni, mara nyingi hakina bromini. Kinachozama kwenye maji matupu lakini kinaelea kwenye chumvi ni ABS au polistairini ya kawaida: kibodi nyingi, sehemu za ndani za friji, feni. Hivyo viwili uza kwa msagaji. Kinachozama hata kwenye chumvi ndicho mshukiwa. Katika makasha ya nyuma ya TV za chogo na monita za zamani, tegemea mengi yazame.

Si kila kinachozama kina bromini. Pivisi inazama, plastiki yenye nyuzi za kioo inazama, polikaboneti inazama. Kipimo hiki kinamwonea asiye na hatia mara kwa mara, na mimi sioni ubaya wake: plastiki ya hadhi ndogo uliyoipoteza ni hasara ya senti, ile uliyoiachia ikawa kijiko ni hasara ya mtu usiyemjua.

Maji ya chumvi yachuje kwa kitambaa na uyafunike, yatatumika tena. Siku ya kuyamwaga, usiyapeleke bustanini.

Nikiwa bado kwenye vijiko: mwaka 2024 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya vizuia-moto kwenye vyombo vyeusi vya jikoni, na mitandao ikawaka kwamba tutupe miiko yote. Baadaye ikaonekana walikosea kuzidisha. Kutafuta kiwango cha siku cha mtu wa kilo 60, walizidisha 60 mara 7,000 wakaandika 42,000 badala ya 420,000, hivyo hatari ikaonekana kubwa mara kumi. Kemikali zilikuwamo kweli, ila hofu ilipitiliza. Mwiko wa mti haujawahi kuingia kwenye mjadala huu.

Swali linabaki: gunia la vilivyozama vinakwenda wapi? Hapa ndipo pagumu, kwa sababu hakuna anayelipia. Ninachofanya ni kuyafunga pamoja na bodi. Anayetaka bodi zangu achukue na plastiki mbaya, bei moja. Akikataa plastiki, sina bodi. Wapo waliokasirika, na wapo waliokubali.

Bodi na ndoto ya dhahabu

Kuna video nyingi zinazoonyesha mtu akitia bodi kwenye tindikali na kutoka na kipande cha dhahabu. Fanya hesabu. Simu milioni moja, kwa takwimu za wanajiolojia wa serikali ya Marekani, zina dhahabu kama kilo 34, sawa na gramu 0.034 kwa simu. Unahitaji karibu simu 30 ili upate gramu moja, ikiwa hujapoteza hata chembe, na njia za nyumbani hupoteza nyingi. Kinachobaki ni ndoo ya tindikali yenye shaba, risasi na nikeli iliyoyeyuka, na mvuke uliokwishaingia kifuani.

Bodi usizichome ili kudondosha vifaa. Ondoa hitisinki (vile vipande vya kupozea) za alumini na betri ndogo ya saa kwa mkono, zipange kwa madaraja (simu, kompyuta, kisha TV na redio ambazo ni za bei ya chini), uziuze nzima.

Betri

Betri ya simu iliyovimba usiichaji, usiitoboe "ili itoe hewa", usiibane irudi. Ziba ncha zake za umeme kwa utepe wa plastiki wenye gundi, ilaze ndani ya kopo la chuma lenye mchanga mkavu, kopo likae nje penye kivuli.

Betri ya gari au ya sola ni kesi nyingine. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na maji yake ya tindikali yamebeba risasi iliyoyeyuka. Wanunuzi wengine husema "mwaga maji kwanza nipime". Usimwage. Iuze ikiwa wima, imejaa na vifuniko vyake, na asiyeitaka hivyo mwache aende.

Anayetaka kujua betri hizi zinafanya nini mtaani atazame Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwekwa ukutani mwa makazi ya watu. Phyllis Omido aliyefanya kazi pale aligundua kwamba mtoto wake mchanga ana risasi mwilini, akaanza kupiga kelele. Kiwanda kilifungwa 2014, yeye akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikapanda rufaa kwa miaka, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliporudisha uamuzi ule.

Tyubu au enejiseva ikivunjika ndani

Toa watoto na wanyama, fungua madirisha, zima feni, toka nje dakika kumi na tano. Usifagie na ufagio wala mashine ya kuvuta vumbi, vitaitawanya zebaki. Okota vioo kwa vipande viwili vya boksi gumu, unga ubandue kwa selotepu, malizia kwa karatasi iliyolowa. Vyote hivyo, pamoja na karatasi, tia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Kama ilivunjikia kitandani, shuka lililopata vioo usilifue na nguo nyingine, litupe. Taa hizi zinaondoka: nchi za Mkataba wa Minamata, unaohusu zebaki, zilikubaliana 2023 kuachana na utengenezaji na biashara ya tyubu za zebaki ifikapo 2027. Nunua LED.

Mezani kwa fundi

Mafundi tunaogopa moshi wa sodaringi tukidhani ni risasi. Siyo. Risasi ya kuchomelea ya 60/40 (bati 60, risasi 40) inayeyuka kabla ya nyuzi 200, pasi yako iko 350 au hivi, na risasi haichemki mpaka nyuzi 1,749. Moshi ule ni wa flaksi (dawa ya kushikisha risasi), unaokera mapafu na kuleta pumu, kwa hiyo feni ndogo ya kompyuta ya kuuvuta pembeni ni muhimu. Lakini risasi yenyewe inakuingia kwa vidole: umeshika waya wa risasi, umeshika sigara. Umeshika bodi, umeshika andazi.

Kwa hiyo hakuna kula mezani. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula, na sugua kucha. Usije kazini na njaa, kwa maana tumbo tupu linafyonza risasi nyingi zaidi, na upungufu wa madini ya chuma na kalisi unaongeza. Hapo naigusa imani yetu ya glasi ya maziwa kila jioni: maziwa hayasafishi sumu iliyoingia. Yanasaidia kama chakula, basi.

Vumbi la ndani ya TV na kompyuta usilipulize kwa mdomo wala bloa ndani ya duka. Lina PBDE, lina risasi, na linatua kwenye soda ya mteja. Futa kwa brashi iliyolowa spiriti kidogo. Ukilazimika kupuliza, toka nje, simama upande upepo unakotoka, vaa barakoa ya N95. Ile ya kitambaa haizuii vumbi laini.

Na nguo za kazi zibaki kazini. Mtoto anakimbilia mlangoni kumkumbatia baba, pua yake iko usawa wa mapaja ya suruali yako. Vua viatu nje, badili shati kabla hujambeba, nguo za kazi zifuliwe beseni lake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Mjamzito asikae kwenye kazi hii kabisa.

Kumjua mnunuzi

Usiulize bei kwanza. Ulizia kibali. Kinatoka kwa mamlaka ya mazingira: Tanzania bara NEMC, Zanzibar ZEMA, Kenya na Uganda ni NEMA ya kila nchi. Soma tarehe, na usome aina ya taka iliyoandikwa: kibali cha chuma chakavu si kibali cha taka za kielektroniki. Tanzania ina kanuni za taka hizi tangu 2021. Wenzetu wa Rwanda wana kiwanda chao Bugesera, na Nairobi kipo kituo cha WEEE Centre.

Akikwambia bodi zinasafirishwa nje, hilo linawezekana na mara nyingi ndiyo sahihi, kwani vinu vya kutoa dhahabu na shaba bila moshi ni vya nchi chache. Lakini tangu Januari 1, 2025, chini ya Mkataba wa Basel wa taka zinazovuka mipaka ya nchi, kila shehena ya taka za kielektroniki, hatari au isiyo hatari, inahitaji ridhaa ya nchi inayopokea kabla haijaondoka. Mwenye biashara halali ana karatasi hizo na haoni shida kukuonyesha.

Kama doa jeusi tayari lipo kwako

Kwanza zungushia uzio leo, hata wa matete, kuku na watoto wasipite. Majivu yaloweshe, yachote kwa koleo pamoja na udongo mweusi wa juu, yatie kwenye mifuko miwili miwili, yahifadhi pakavu mpaka mwenye kibali ayachukue. Usiyamwage mtoni wala kwenye shamba la migomba. Kisha funika eneo kwa saruji. Ukikosa, shindilia udongo safi kina cha futi moja na uoteshe nyasi.

Mchicha na matembele usipande hapo. Tumia bustani ya gunia yenye udongo ulioletwa kutoka kwingine, na osha mboga vizuri, kwa sababu risasi nyingi hukaa kwenye vumbi lililoshika majani. Watoto waliokuwa wakicheza hapo, hasa walio chini ya miaka sita, wapeleke hospitali na uombe kwa jina kipimo cha risasi kwenye damu. Usimwanzishie mtoto dawa za "kusafisha damu" za mtaani.

Mayai ya kuku waliokuwa wakiparua hapo usile wala usimuuzie mtu. Ukishawafungia na kuwapa chakula safi, kuku wanapunguza dioksini kwa wiki kadhaa. Binadamu si hivyo: kwetu inachukua miaka 7 mpaka 11 kupungua nusu. Lile doa letu lilikuja kujengwa juu yake frem za maduka. Sakafu ni ya saruji, nene, na ya mwisho upande wa kulia wanauza chipsi mayai.